Kifimbo cha Kumi na Moja

Nyumbani kwangu vipo vifimbo kumi vya kusukumia chapati. Tupo watu wanne, na mmoja bado hajaota meno yote. Katika hivyo kumi hakuna hata kimoja nilichokaa nikakusudia kukitengeneza. Cha kwanza kilikuwa kiwe mguu wa stuli. Cha pili nacho mguu wa stuli, kwa kuwa niliamini kile cha kwanza kilikuwa bahati mbaya tu. Cha tano kilikuwa kiwe mchi. Cha nane, Mungu anisamehe, kilikuwa kiwe nguzo ya kitanda cha mtoto.

Kukereza ndivyo kulivyo. Mti unazunguka, wewe umeshika patasi, na kilichotoka hakirudi. Ukichimba shimo kwa bahati mbaya, unapunguza kote ili shimo lipotee; likipotea, ncha moja imekuwa nyembamba kuliko nyingine, basi nayo unaifuata. Unasawazisha hivyo hivyo hadi maranda yamekufika magotini, na mkononi umebaki na kitu ambacho mkeo anakijua kwa jina.

Mashine niliinunua Gerezani, katikati ya gia za malori na majiko ya gesi yasiyo na miguu. Muuzaji alianza na bei ya pikipiki, tukamalizana kwa bei ya baiskeli, na ile haraka aliyokubali nayo ilitosha kunishtua. Nilikuja kushtuka nyumbani. Mota ilikuwa ya umeme wa njia tatu, na kwangu, kama kwa walimu wengi ninaowajua, umeme ni wa njia moja. Wiki tatu mashine ilikaa sebuleni kama mgeni asiyesema anaondoka lini. Mama watoto akaitandikia kitambaa, akaweka redio juu yake.

Fundi umeme wa mtaani ndiye aliyeniokoa, kwa mota iliyotoka kwenye pampu ya kisima. Siku ya kuijaribu nilifunga kipande cha mwembe, kipana kama sinia, kwenye sahani ya chuma, nikaisokota sahani kwenye ekseli mpaka ikakaza. Nikarudi nyuma hadi mlangoni, nikabonyeza swichi kwa mpini wa ufagio.

Kulikuwa na jambo dogo ambalo fundi hakuliangalia, wala mimi: mota ilikuwa inazunguka kinyume. Sahani ile ina nyuzi kama za skrubu. Mashine ikizunguka upande wake, inajikaza; ikizunguka kinyume, inajifungua yenyewe, bila ugomvi, kama kifuniko cha chupa. Mwembe wangu ulitetemeka, ukasogea, ukachomoka, ukatua sakafuni ungali unazunguka. Ukanipita mlangoni. Ukakata uwanja, kuku wakaupisha, ukaingia kwa jirani aliyekuwa anakunywa chai barazani, ukajizungusha mara mbili mbele ya miguu yake kama mbwa anayetafuta pa kulala, ukalala.

Nilifika nikihema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu." Akautazama mti, akapuliza chai yake. "Na gari lenyewe linakuja?"

Fundi akageuza nyaya, upande ukawa sawa. Ndipo tukagundua kwamba mota ya pampu ile huenda mizunguko kama 2,800 kwa dakika, na bakuli la nchi kumi halitaki kuvuka 900. Tukabadilisha puli: ndogo kwenye mota, kubwa kwenye mashine. Kati ya kugundua na kubadilisha kulitokea jambo kuhusu kioo cha dirisha, ambalo nyumbani tumekubaliana tusilizungumze.

Mbao sinunui. Si ubahili tu. Mninga wa dukani si wa mtu kujifunzia. Naokota. Kitanda cha marehemu bibi kilipovunjika nilidai miguu yake kabla hata ya matanga kwisha, na ndani ya mguu wa kwanza mlikuwa na msumari wa nchi tatu ambao bibi hakuwahi kuutaja. Patasi yangu ya mtumba, yenye mpini wa bomba la maji, ilitoa cheche ikabaki na pengo. Siku hizi kila mbao naipitishia sumaku kwanza, kama mlinzi wa getini. Paleti nazo nazitafutia muhuri: HT ni mbao zilizopashwa moto hadi nyuzi 56 kwa dakika 30, MB ni zilizofukizwa gesi ya sumu. Hayo niliyajua nikiwa nimeshalia wali kwenye sahani ya paleti isiyo na muhuri wowote. Usiku ule nililala chali, nalisikiliza tumbo.

Bakuli la mwembe hatimaye lilitoka, tena zuri. Ila mti ulikuwa mbichi. Wenye subira hulikereza kwanza likiwa nene, ukuta wake sehemu moja ya kumi ya upana, wakaliacha miezi kadhaa likauke na kujipinda linavyotaka, ndipo wakalimalizia. Mimi nilikuwa na wageni Jumamosi. Ijumaa usiku likalia ka! kabatini, na asubuhi lilikuwa na umbo la yai na ufa wa kupitisha kijiko. Supu ikarudi kwenye sufuria. Bakuli tukaliwekea ndizi.

Nilimwita mzee mmoja wa Keko, fundi wa samani tangu ujana wake, anionyeshe ninapokosea. Alinitazama nikikereza kwa dakika moja hivi. "Mgongo wa patasi uguse mti kwanza, mdomo ufuate. Wewe unatanguliza mdomo." Akanyamaza kidogo. "Umeoa?"

Nikamjibu nimeoa.

"Basi ulitakiwa uwe unajua."

Juzi mchonga vinyago wa Mwenge alinigawia kipande cha mpingo, mti mzito usioelea hata majini, ndio huo huko Ulaya wanaoutengenezea klarineti. Sikutaka mzaha nao. Nilinoa patasi mara mbili, nikachora kinara cha mshumaa kwenye karatasi, chenye shingo na kiuno. Mgongo kwanza, mdomo baadaye. Maranda meusi yakawa yanatoka marefu kama uzi, mpaka nilipofika kwenye shingo, patasi ikauma, kitu kikasema tak, na kipande cha shingo kikaenda kulala chini ya friji.

Nikapunguza kidogo. Nikapunguza na upande wa pili. Mama watoto akachungulia, akauangalia mti unavyozunguka, akauliza kama aanze kukanda unga.