Karibu ya Voi

Dada yangu kaolewa Voi, na tangu aolewe hakosi kunipigia simu: "Njoo ututembelee, huku hakuna shida ya lugha." Hapo ndipo aliponiponza.

Lugha ingekuwa Kifaransa ningejiandaa. Ningenyoosha kidole kwenye sahani ya jirani nikasema "ile." Voi kila mtu anaongea Kiswahili, kwa hiyo unakaa mezani kifua mbele, unaagiza, halafu unaletewa kitu kingine.

Nilitoka Moshi alfajiri na mkungu wa ndizi mshale, maana mtu haendi kwa shemeji mikono mitupu. Nikavuka mpaka wa Kenya pale Holili. Upande wa pili ni Taveta, na ilikuwa Jumatano, siku ya soko: ndizi zimelala chini marundo kwa marundo, malori yanapakia. Nikaukumbatia mkungu wangu kama mtu anayepeleka ndoo ya maji ziwani. Kutoka hapo hadi Voi ni zaidi ya kilomita 100, barabara inakatiza Tsavo, na ukiangalia vizuri utaiona reli waliyoijenga Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ili waje kumpiga Mjerumani aliyekuwa kwetu. Mjerumani mwenyewe alikuwa ameshatangulia: aliichukua Taveta Agosti 1914, akakaa mpaka Machi 1916. Miezi yote hiyo, nina hakika hakupata chipsi mayai.

Maana mimi sikupata.

Nilishuka Voi na njaa, kwenye joto ambalo dada hakulitaja hata siku moja kwenye simu. Nikaingia hotelini. (Hoteli huku ni mahali pa kula, usiulize chumba.) "Dada, naomba chai." Mhudumu akanitazama kama nimemwomba mkopo, ilhali jirani yangu alikuwa kasema "leta chai" na hakuna aliyeshtuka. Chai ikaja nyeupe, maji, maziwa na majani vimechemshiwa sufuria moja. Nikasema nilitaka ya rangi.

"Ah, strungi! Si ungesema?"

Nikauliza kama supu ipo. Iko. Roho ikatulia, kwa sababu mtu wa Moshi akipata supu na chapati mbili asubuhi, siku yake imenyooka. "Nikuwekee supu kwa wali ama kwa chapo?" Swali hilo lingenistua, lakini njaa haina masikio. Ikaja chapati imelowa mchuzi. Mchuzi, ndugu msomaji, ndio supu yenyewe.

Mchana nikaagiza chipsi mayai. Sahani ikaja: chipsi upande huu, mayai mawili ya kukaanga upande ule, kama mke na mume walionuniana. Nikaomba kuonana na mpishi. Nikamweleza taratibu: mayai unayapiga, unayamwaga juu ya chipsi kwenye kikaango, vinashikana, unageuza, unaipua. Kwetu tunaita zege.

Mpishi akafikiri. "Zege? Hadweya iko hapo mbele ya steji." Kisha, kwa upole wa mtu anayezungumza na mgonjwa: "Lakini kaka, mbona uharibu chipsi?"

Jioni shemeji akanihurumia, akaniagizia chapati na ndengu. Nikajua ni dengu. Kumbe choroko! Na mwenzetu mmoja pale mezani, mtu wa Mombasa, akasema hizo ni pojo. Punje ile ile, majina matatu, na aliyechekwa ni mimi.

Kesho yake tulipanda milimani, Wundanyi, kwa mama mkwe wa dada. Mama akaleta kimanga: muhogo na maharagwe vimepondwa pamoja mpaka vimesahau kwamba vilikuwa vitu viwili. Nilikuja na malalamiko yangu tayari mdomoni. Nikamega, nikanyamaza. Nikamega tena. Niliongezwa mara mbili, na mara ya tatu nilijiongeza mwenyewe. Sasa nauliza: watu wanaoweza kuunganisha muhogo na maharagwe namna ile wanashindwaje na chipsi na mayai?

Mkungu wangu mama aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru sana, akauweka jikoni pamoja na mikungu mingine minne.

Lakini kesi yangu hasa ni ya siku ya kuondoka. Nilikuwa Voi, nimeagiza nusu kilo ya mbuzi wa kuchoma. Ikaja juu ya ubao, imekatwakatwa, chumvi pembeni, kachumbari, ugali umesimama wima. Meza zimejaa, akaja mzee mmoja akakaa mbele yangu. Nikasema, kama nilivyolelewa, "Karibu, mzee."

Kwetu hiyo ni salamu. Anayekaribishwa hujibu "asante, starehe," akaangalia pembeni, hata kama hajala tangu jana. Mzee akasema, "Asante sana, kijana," akaenda kunawa mikono, akarudi. Alianza na mbavu. Nilihesabu vipande saba, na ugali akaubomoa kutoka upande wangu. Alipomaliza alinilipia soda, akaniombea safari njema, akawatangazia waliokuwepo kwamba Watanzania ni watu wakarimu.

Basi nawaomba jambo moja, ndugu zangu wa Voi. Chai leteni ya rangi yoyote, na supu muiite mtakavyo. Ila nikisema "karibu," jibuni "asante," mbavu zangu mniachie.