Mngurumo wa Boxer

Boxer BM150 hutoka kiwandani India ikiwa na nguvu za farasi 12 hivi. Mwenyewe kaona hazimtoshi. Kwa fundi wa kijiweni silensa ikatobolewa, chujio la hewa likatupwa, na pikipiki ikaanza kunguruma kama lori la mchanga linalopanda mlima Kitonga.

Kabureta peke yake ndiyo haikuguswa.

Hewa ikaongezeka, petroli ikabaki ileile; mchanganyiko ukawa mwepesi, injini ikachemka, na vumbi likapata njia ya kwenda kusaga ringi na silinda. Jeti kubwa kidogo ingepunguza balaa, lakini jeti haipigi kelele, nani ataisikia? Sasa mtaa mzima unajua bosi anapita. Nyuma yake Bajaji yenye abiria watatu inapiga honi, inaomba njia.