Waacheni Mabingwa wa Theluji

Naomba mabingwa wa theluji wa New York waheshimiwe. Jumamosi ya tarehe 29 Oktoba 2011, miti ikiwa bado na majani yake, theluji ya zaidi ya sentimita 7 iliangukia Central Park, kiasi ambacho Oktoba haikuwahi kukiona tangu kumbukumbu zianze mwaka 1869. Matawi yakaelemewa, yakakatika. Mabingwa wakatoa hukumu papo hapo: kama Oktoba ni hivi, Januari tutazikwa.

Hii ni elimu isiyotaka setilaiti. Mtaalamu wa hali ya hewa huhangaika na mgandamizo wa hewa, joto la bahari na mikondo ya upepo, halafu baada ya jasho lote hilo anasema "huenda". Aibu iliyoje! Bingwa wetu huchungulia dirishani mara moja tu, akakupa majira mazima ya baridi hadi Machi. Ndivyo mwenye akili anavyoonja kijiko cha kwanza cha mchuzi akajua harusi ya mjukuu wake itakavyokuwa.

Wapo wabishi wanaodai kwamba ile ilikuwa hewa baridi iliyokutana na unyevu wa Atlantiki, ikamwaga mzigo wake, ikaenda zake. Hao hawana imani.

Majira yalipokwisha, theluji yote ya Central Park, pamoja na ile ya Oktoba, haikufika sentimita 19. Wastani wa huko ni zaidi ya 60. Bila shaka theluji ndiyo iliyokosea. Walionunua mabeleshi wayatunze. Oktoba haikosi kurudi.