Tunahama, Ila Mchango Utumwe Hukuhuku

Januari 2021 WhatsApp iliwatangazia watu masharti mapya ya faragha, mwisho wa kuyakubali 8 Februari. Dunia ikachachamaa. Elon Musk akawaelekeza wafuasi wake Signal, ambayo ilielemewa na wageni hadi ikazimika kwa muda. Telegram ikatangaza watu wapya milioni 25 ndani ya saa 72. Makundi yetu nayo yakatangaziwa kuhama, na kiungo cha kundi jipya kikarushwa ndani ya kundi lilelile linalokimbiwa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anaujua mwendo wa mambo hayo: wachache wanahama, wengine wanauliza "wapi?", shangazi anajaribu kupakua programu na simu inamjibu kuwa nafasi imejaa (imejaa maua ya "asubuhi njema"), na kikao kinatangazwa mahali ambapo mwenyekiti yupo peke yake. Tarehe ya mwisho ya WhatsApp ikasogezwa hadi 15 Mei, na wahamaji wakarejea mmoja mmoja bila kuulizwa walikokuwa.

Nadai kwamba kundi halikai kwenye mtandao. Linakaa kwa mweka hazina. Mpanda, makao makuu ya Katavi, inalithibitisha hilo vizuri. Katavi, mkoa tangu 2012, ina Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma na ng'ombe wao, na familia zilizotoka Burundi 1972 zikakaa Katumba na Mishamo. Msiba ukitokea Makanyagio, ahadi zinatoka Sumbawanga, Tabora, Mwanza hadi Dar es Salaam, na orodha yake, jina kwa jina, shilingi kwa shilingi, inanakiliwa na kurushwa upya kila anapoongezeka mtu. Orodha hiyo ndiyo kundi. Ukiihamisha unampa kila mdaiwa utetezi: "Sikuiona, nilikuwa Telegram." Tuko kama viboko wa mto Katuma, hukohuko Katavi: kiangazi husongamana kwenye tope, wakang'atana na kukoroma usiku kucha, na hakuna anayeondoka kwa hasira, kwa sababu maji yaliyobaki ni hayo.

Wapo watakaosema nadharau faragha. Lakini masharti yale yaligusa zaidi mazungumzo ya mtu na kampuni za biashara. Ujumbe wa ndugu kwa ndugu ulibaki umefungwa vilevile. Na kwenye mchango kuna siri gani? Aliyeahidi elfu hamsini akatoa elfu kumi anajulikana soko zima kabla Meta, mmiliki wa WhatsApp, haijaamka.

Pingamizi zito zaidi ni la Mei 2025, mtandao wa X ulipofungwa nchini Tanzania na waziri Jerry Silaa akataja maudhui ya ngono kuwa sababu. Hapo hiari haikuwepo. Hata hivyo, waliong'ang'ania waliwasha VPN, ingawa mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilikwishatangaza mwaka 2023 kwamba wanaoitumia wajisajili. Mtu yuko radhi kupenya dirishani kuliko kuanza kutafuta watu wake upya. Nakubali kwamba Telegram imepata wakazi wa kudumu: wanafunzi na wapenzi wa filamu zilizotafsiriwa, maana kundi la kule hubeba hadi watu 200,000 na mafaili mazito, wakati la WhatsApp mwaka 2021 liliishia watu 256. Lakini hao hawakutangaza kuhama, wala hawakuaga. Kwenye kundi la harusi bado wamo, wamezima mlio tu, na majina yao kwenye orodha yana ahadi bila tiki.