Kadi ya Mpwa Wangu

Mwaka 2006 kampuni ya Bigfoot Networks ya mjini Austin, katika jimbo la Texas, iliwatolea wacheza magemu kadi ya mtandao iliyoitwa Killer, ambayo bei yake ilikaribia dola 280 katika zama ambazo kadi ya kawaida ilikuja bure, imekwisha pachikwa kwenye bodi ya kompyuta tangu kiwandani. Kadi hiyo ilikuwa na prosesa yake yenyewe, kumbukumbu ya megabaiti 64, na mfumo wa Linux uliojitegemea, ili ujumbe wa mchezo usipoteze wakati ukipita katika msongamano wa Windows. Na juu yake lilikaa bamba la kupozea joto, lenye umbo la herufi K iliyochongwa makali, ambalo kwa dhana yangu liliuza kadi nyingi kuliko prosesa. Waandishi wengi wa magazeti ya kompyuta walioipima walisema kwamba faida ikionekana ni haba mno kwa bei ile. Jina lake halikufa kwa ajili hiyo: Qualcomm waliinunua kampuni mwaka 2011, na baada ya kupita katika mikono mingine likawaangukia Intel mwaka 2020.

Habari hizi zilifika kwetu Tunduma, mpakani na Zambia, kwa kinywa cha mpwa wangu, kijana mwenye adabu na mkaidi kwa kiasi kile kile, ambaye alikuwa amejinyima mengi ili aagize Kariakoo kadi ya jamii hiyo, jina lake nalihifadhi, ikaletwa kwa basi ndani ya boksi la viatu.

“Shikamoo, mjomba,” alisema, akiwa ameikumbatia. “Sasa mambo ya kugandaganda yamekwisha. Pingi itashuka mpaka chini.”

“Marahaba,” nilimjibu. “Na Afrika Kusini nayo itasogea?”

Niliuliza hivyo kwa sababu pingi ni muda ambao ujumbe hutumia kwenda kwenye seva na kurudi, na seva za mchezo wake ziko Afrika Kusini; zikijaa, mchezaji hutupwa Ulaya. Mimi kwa kazi ni wakala wa forodha, yaani riziki yangu hutoka katika kukawia kwa mali za watu, na kwa sababu hiyo nadai elimu kidogo ya foleni. Dereva atokaye Dar es Salaam na kontena la Lubumbashi aweza kulitia lori lake injini mpya na kutoka getini kwa yadi yake kwa kishindo cha kuwaamsha majirani. Walakini akifika hapa ataikuta foleni imemtangulia, na injini yake mpya itanguruma mahali pamoja na injini kuukuu ya mwenzake. Kituo cha pamoja cha mpakani kilichofunguliwa mwaka 2019 kimetupunguzia taabu nyingi, nasema kwa insafu, kwa sababu kilijengwa palipo na foleni. Hakuna aliyefikiri kukijenga getini kwa yadi.

Basi na kadi ile hufanya kazi getini. Pakiti kubwa ya kawaida, ya baiti 1,500, hutoka katika mlango wa gigabiti moja kwa maikrosekunde 12, na pakiti za magemu aghalabu ni ndogo kuliko hiyo. Baada ya hapo zinaianza safari yenyewe. Nyumbani kwa dada yangu intaneti huingia kwa ruta ya laini ya simu, kwa hiyo ujumbe hupaa kwanza hewani hadi mnarani. Kisha, ijapokuwa Zambia inaonekana dirishani, kwa kawaida hurudi kwanza Dar es Salaam, kiasi cha kilomita 930, ndipo uingie baharini. Nuru ndani ya kebo ya kioo huenda kilomita 200 hivi kwa milisekunde moja, wala haijapata kupokea rushwa ili iongeze mwendo. Kilomita 10,000 za kebo, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100, na hapo sijahesabu vituo vya njiani. Kadi ikikuokolea hata robo ya milisekunde getini, hiyo ni sadaka njema, lakini hailipi deni. Kabla kebo ya SEACOM haijafika Dar es Salaam mwaka 2009, sehemu kubwa ya mawasiliano yetu na dunia ilipitia satelaiti zilizo juu kilomita 36,000, na ujumbe kwenda na kurudi ulikula zaidi ya nusu sekunde. Mtu aliyecheza magemu kwa njia ile hastahili kadi, anastahili pensheni.

Mpwa wangu alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda kutafuta bisibisi.

Kompyuta yake ni ile ya ofisini, nyembamba, iliyotumika ng’ambo kabla ya kuletwa kwetu, na kadi ilikuwa ndefu kuliko tumbo lake. Ikabidi mfuniko uachwe wazi. Naye ajuaye vumbi la Tunduma mwezi wa Septemba, malori yanapopishana mchana kutwa, atafahamu kwa nini dada yangu, mwanamke ambaye hajapata kuona chombo wazi asikifunike, aliitandikia kompyuta kitambaa chake cha kufuma chenye maua ya waridi. Kompyuta ikapata joto, ikajizima katikati ya mchezo. Kijana akawasha intaneti ya simu yake kutoka dirisha linalotazama Nakonde, ng’ambo ya mpaka, simu ikadaka mnara wa Zambia, ikamkaribisha ugenini kwa maneno mazuri, ikamla salio lote.

Ndipo dada yangu akaenda Vwawa harusini. Siku hizo pingi ilishuka kweli, na mpwa wangu akatangaza ushindi wa kadi mtaa mzima. Alirudi dada, akakaa sebuleni na simu yake, akitazama video za harusi ile ile kwa ruta ile ile, na pingi ikapanda. Kijana alisema kadi inahitaji apudeti. Dhana ya kwamba mama yake ndiye aliyeondoka na ndiye aliyerudi haikumjia, au ilimjia akaifukuza kwa heshima.

Hatimaye, pingi ikiwa imeshuka tena na sifa za kadi zikivuma upya, niliinama nyuma ya meza na tochi kutafuta kifuniko cha kalamu yangu, nikaona kwamba kebo haiko katika kadi hata kidogo. Imo katika tundu la zamani, la bure. Dada alipoulizwa alisema, bila wasiwasi, kwamba alipofuta vumbi aliuchomoa waya akaurudisha katika tundu lililoonekana safi. Na hayo yalitokea kabla ya sikukuu ya Krismasi, ilhali sasa tulikuwa tunapalilia mahindi.

Mpwa wangu aliitazama kadi kwa muda mrefu.

“Basi, mjomba,” akasema, “huenda inasaidia hata bila kuunganishwa.”

Sitaki kuidhulumu. Kompyuta moja ikicheza na kupakua mafaili makubwa kwa wakati mmoja, programu zinazokuja na kadi hizi zaweza kuupa mchezo nafasi ya mbele, na huo ni msaada wa haki. Walakini ruta nyingi hufanya hivyo hivyo kwa kubadili mpangilio tu, na nyumbani kwa dada yangu mshindani hakuwa ndani ya kompyuta; alikuwa sebuleni. Kijana akiendelea kutumia kebo badala ya Wi-Fi, na akamwomba mama yake kwa upole atazame harusi baada ya mchezo, atakuwa amefanya yote yaliyomo katika uwezo wa binadamu upande huu wa bahari.

Kadi sasa inauzwa, pamoja na boksi la viatu. Kijana mmoja wa Nakonde amekwisha uliza kama inafanya kazi na upande wa Zambia, nami, kwa kuwa kazi yangu hainiruhusu kusema uongo juu ya mali inayovuka mpaka, nimemjibu kwamba itafanya kazi kule sawasawa kabisa na ilivyofanya huku.