Mzee, Hapa Unapoza Jua

Nilipostaafu ualimu, watu walinishauri bila hata kuombwa: nunua bodaboda tatu, fuga kuku wa mayai, kalime nyanya Mgeta. Hakuna aliyenikataza kujenga chumba cha vioo, kwa kuwa hakuna aliyedhani kwamba mtu mwenye akili zake na kiinua mgongo chake angewaza jambo kama hilo akiwa Bigwa, Morogoro.

Wazo nililitoa Uingereza. Mwanangu anaishi Leeds, na Januari moja nilikwenda kumwona mjukuu. Nyuma ya nyumba yao kuna chumba kidogo cha vioo pande tatu na juu, kina hita ukutani na viti vyenye mito. Jua la kule huja kama mkaguzi wa shule, bila taarifa na kwa dakika chache, basi likitokea tu nyumba nzima hukimbilia mle na vikombe vya chai. Nje majani yameganda barafu, ndani mimi nimekaa na shati la mikono mifupi.

Dirishani palikuwa na chungu cha ua dogo la zambarau, majani yake yana manyoya kama sikio la sungura. Mke wa mwanangu akaniambia linaitwa Saintpaulia na kwamba ni la kwetu. Nilidhani ananitania. Kumbe kweli: Baron Walter von Saint Paul, mtawala wa Kijerumani kule Usambara, ndiye aliyelipeleka Ujerumani mwaka 1892, na ndugu yake mmoja huota kwenye miamba yenye kivuli humu humu Uluguru. Nikalitazama vizuri. Mzaliwa wa milima yetu amekaa nyuma ya kioo, anapashwa joto, ananyweshwa maji ya vuguvugu kwa kijiko. Mimi ninayeishi miguuni pa mlima wenyewe sijawahi kutunzwa hivyo. Nikaona wivu. Ndiyo, nililionea wivu ua.

Nyumba yetu ilikuwa na kibaraza kilichotazama kusini, yaani mlimani. Kilikuwa wazi pande tatu, sakafu ya saruji nyekundu, benchi moja la mninga. Asubuhi ukikaa pale unaona ukungu ukipanda kutoka mabondeni, na minara ya kilele cha Bondwa ikitokeza na kupotea kama watu wanaochungulia. Jioni upepo ulishuka kutoka juu ukiwa na harufu ya moshi wa kuni, ukapita kibarazani, ukaingia sebuleni, ukatokea mlango wa jikoni. Hatukuulipia hata senti. Kasoro zake zilikuwa mbili tu: masika mvua ilitufuata mpaka kwenye benchi, na Julai upepo ule ule uligeuka wembe. Nikajiambia nikikizungushia vioo nitakikalia mwaka mzima. Mvua itabaki nje, baridi itabaki nje, mlima utaingia ndani.

“Na joto?” akauliza mama watoto.

“Tutaweka AC.”

Akanyamaza. Nimeishi na Mluguru huyu miaka 34, kunyamaza kwake nakufahamu. Hakumaanishi kukubali. Ni kuweka akiba.

Lakini neno la mwisho halikuwa lake wala langu. Mimi ni Msukuma wa Shinyanga niliyejenga kwenye kiwanja cha ukoo wa mke, na kwa Waluguru ukoo hufuata mama, mwenye sauti akawa mjomba. Ikabidi niende kwa Mjomba na kilo mbili za sukari. Akaja na fimbo yake, akakizunguka kibaraza kama anayekagua ng'ombe wa mahari, akakaa kwenye benchi, upepo ukampiga kifuani.

“Mkwe,” akasema, “hiki kibaraza kimekukosea nini?”

Nikamweleza habari za Leeds. Alisikiliza mpaka mwisho, akashusha pumzi, akatoa ruhusa kwa sentensi mbili: “Vioo ni vyako. Ukuta ni wetu.”

Fundi alumini alikuja na futi kiunoni na penseli sikioni. Akapima mara moja, akaandika vipimo kwenye kiganja chake, akasema kazi ndogo hii, Mwalimu, siku nne. Ilichukua wiki tano, na nadhani vile vipimo vilinawiwa pamoja na ugali, maana kioo kimoja kilikuja kifupi kwa upana wa kidole. Pengo likajazwa silikoni. Kioo kilikuwa cha milimita tano. Aliniuliza nataka cha giza au cheupe, nikachagua cheupe, nisije nikaubadilishia mlima rangi. Juu tukapiga zile bati za plastiki zinazopitisha mwanga.

Hapa lazima nikiri jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani wasilisome. Nilifundisha jiografia miaka 31. Morogoro iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mwanzoni mwa Oktoba jua la mchana hutupita utosini likaelekea kusini, na halirudi mpaka mwanzoni mwa Machi. Mchoro wake nimeuchora ubaoni kwa chaki za rangi hata sikumbuki mara ngapi. Nimefundisha pia namna kioo kinavyoruhusu mwanga kuingia kisha kuzuia joto lisitoke. Nikastaafu, nikapewa cheti na saa ya ukutani, halafu nikajenga chumba cha kioo kinachotazama kusini, nikakimaliza Novemba.

Siku ya kwanza, saa mbili asubuhi, kilikuwa pepo. Nilikunywa chai nikiutazama mlima bila nzi hata mmoja. Saa tano siagi ilikuwa uji. Saa nane mchana nilinyanyuka kwenye kiti cha plastiki nacho kikanyanyuka nami. Jirani yangu anayefuga kuku alikuja kuchungulia, akarudi kwake, akaleta kipimajoto cha kwenye banda la vifaranga na kukitundika kwenye msumari. Tukasimama wote wawili mlangoni tukiutazama ule mstari mwekundu ukipanda mpaka nyuzi 44.

“Vifaranga wa siku moja,” akasema kwa sauti ya daktari anayetoa majibu, “nawawekea 32 au 33.”

Nikanunua kiyoyozi cha BTU 9,000. Kilinguruma siku nzima kama daladala inayopanda mlima na abiria wa kuzidi, na chumba hakikushuka chini ya 36. Fundi akaja, akafungua, akapuliza vumbi, akafunga, kisha akarudi nyuma hatua mbili akatazama juu kwenye bati, pembeni kwenye vioo, na mwisho akanitazama mimi.

“Mzee, hapa hupozi chumba. Hapa unapoza jua.”

Kisha akaniuzia cha BTU 18,000. Hicho kiliweza. Kiliweza pia kula uniti tisa mpaka kumi kwa saa sita. Sisi tulikuwa wale wateja wadogo wa Luku wanaotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi na kulipa bei nafuu, na mke wangu alijivunia hilo kuliko cheti chetu cha ndoa. Zile 75 zilikwisha siku ya nane. Nikawa naingiza zile tarakimu 20 za tokeni kila baada ya siku chache mpaka kidole kikazijua kitufe kwa kitufe gizani. Mama watoto hakusema kitu. Alianza tu kupasi nguo kwa pasi ya mkaa, kimya kimya, mahali ninapomwona.

Kwa kupunguza gharama akashona mapazia. Mazito, ya maua. Mchana tukayafunga kuzuia jua, tukawasha kiyoyozi, tukakaa gizani Morogoro saa saba mchana tukitazamana. Mlima ulikuwa upande wa pili wa maua.

Nikasema tusubiri masika, jua litapoa. Masika ikaja na jasho lake, na hapo nikagundua kwamba kioo kilichopozwa kwa ndani, hewa ya nje ikiwa na unyevu, hutoka jasho upande wa nje kama chupa ya soda. Mlima ukageuka moshi. Nilikuwa na njia mbili: kuzima kiyoyozi niuone mlima huku nikichemka, au kukiwasha nipoe bila mlima. Nikabuni ya tatu. Nilitoka nje kwenye manyunyu na mwavuli mkono huu, kitambaa mkono huu, nikaufuta mlima kutoka Bondwa kwenda kushoto. Nilipofika mwisho, mwanzo ulikuwa umeshaziba. Mke wangu alikuwa ndani na kikombe chake. Aligonga kioo, akanionyesha kwa kidole sehemu niliyoiruka.

Usiku kulikuwa na la kwake. Ukiwasha taa mle ndani na pazia likasahauliwa, Bigwa nzima inakutazama ukila ugali. Na mchana, chumba cheupe cha vioo chenye kiyoyozi kando ya barabara, katika nchi hii, kina maana moja. Wiki ya pili alikuja mtoto wa miaka saba hivi, shilingi mia tano imekunjwa kiganjani.

“Shikamoo babu. Naomba Panadol.”

Nikamwambia hapa si duka la dawa. Akatazama vioo, akatazama kiyoyozi, akanitazama kwa huruma na kuondoka. Baada yake walikuja wa dawa ya minyoo, wa kutoa pesa kwa simu, na mama mmoja aliyeuliza kama tunasuka rasta. Jogoo wa jirani naye alimwona jogoo mwenzake kwenye kioo, akapigana naye siku tatu mfululizo, na siku zote tatu hakushindwa, jambo lililomvimbisha kichwa mpaka leo.

Rafiki yangu mmoja alipanda treni ya umeme kutoka Dar kuja kukiona. Alikaa dakika kumi, akafungua kifungo cha pili, akaniuliza kama nimewahi kupanda Morningside. Nimepanda, tena na wanafunzi. Wajerumani walijenga ile nyumba mwaka 1911 huko juu kwa sababu huku chini joto liliwashinda. Hawakukifuata kioo, walikifuata kimo. Akaniomba tukakae nje, chini ya mwembe.

Mambo yalibadilika alipokuja Mama Mkubwa wa mke wangu kutoka Matombo. Kule upande wa mashariki wa mlima, unaopokea upepo wa Bahari ya Hindi, mvua hainuni. Inanyesha karibu kila mwezi. Alishuka kwenye gari na magunia mawili ya karafuu mbichi, zimenyeshewa, zimeanza kupata joto na kuchacha. Nyumbani amezianika na kuzianua mara nne. Alikuwa amekonda kwa hasira. Akapita sebuleni bila kukaa, akafungua mlango wa chumba changu, akasimama. Lile joto likampiga usoni.

“Mkwe wangu,” akasema taratibu, “kumbe una akili.”

Ilikuwa mara ya kwanza mtu wa ukoo ule kunitamkia neno hilo. Kufika jioni viti vilikuwa nje, majamvi yametandikwa ukuta kwa ukuta, karafuu zimetapakaa nyekundu na kijani, na Mama Mkubwa amekaa katikati akitenga makonyo. Akauliza kile kisanduku cheupe ukutani ni cha nini. Nikamwambia ni cha baridi. Akacheka mpaka akafuta machozi, kisha akakitundikia kikapu chake. Siku ya nne alichukua karafuu moja, sasa ya kahawia iliyokolea, akaivunja kati ya kucha mbili karibu na sikio langu. Ikalia kach. Harufu ilikuwa imefika kwa jirani wa vifaranga, naye alikuwa getini na nusu debe la pilipili manga, akiuliza foleni inaanzia wapi.

Nilikuwa nimesimama mlangoni nikishangaa biashara hii mpya alipotokea yule mtoto wa Panadol.

“Shikamoo babu. Mama anauliza mna dawa ya jino?”

Nikafungua kinywa kumweleza, kwa mara ya kumi, kwamba hapa si dukani. Mama Mkubwa akaniwahi. Alichota karafuu kama kumi, akazifunga kwenye kipande cha gazeti, akamwambia mama yako aweke moja kwenye jino lenyewe, aing'ate. Mtoto akatoa mia tano. Mama Mkubwa akaipokea, akaifunga kwenye pindo la kanga, akageuka.

“Mkwe, sogea kidogo. Unazikinga jua.”