Mkwaju Mmoja

"Mwanangu, nimekukosea nini?"

Hivyo ndivyo alivyonipokea Baba Mkubwa juzi Jumamosi, saa kumi na mbili na robo asubuhi. Hakusalimia. Mtu ambaye kwa kawaida huanza na hali yangu, hali ya watoto na hali ya mvua za Tegeta, safari hii aliingia moja kwa moja. "Tumekaa na mama yako mkubwa tangu alfajiri tunatazama. Umenipiga mstari. Ukoo mzima unaona, umenipiga mstari."

Nikafungua ukurasa. Kweli nilikuwa nimempiga mstari.

Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimetuma kwenye kundi la kamati ya harusi ya mdogo wangu ukurasa wa wavuti nilioutengeneza kwa mikono yangu, kwa HTML niliyojifunza kwa siku 11. Ilikuwa orodha ya ahadi za michango. Nilichoshwa na ule mtindo wa kila anayeahidi kunakili orodha, kuongeza jina lake, kuibandika upya, na katika kunakili kumwangusha mtu. Nikasema hapana, sasa tutakuwa na ukurasa mmoja, safi, wa kudumu. Nikalala usingizi wa mtu mwenye taaluma.

Sasa, Shangazi, wa tatu kwenye orodha, alikuwa ameahidi elfu hamsini, halafu akapandisha hadi laki. Nikaona ni heshima jambo hilo lionekane: elfu hamsini ikatwe, laki iandikwe pembeni, kama bei za dukani. Tagi ya kukata ni herufi moja ndani ya mabano ya pembe, <s>. Ukimaliza unafunga kwa </s>. Tofauti ya kufungua na kufunga ni mkwaju mmoja, ule mstari mdogo ulioinama. Mimi sikuuweka.

Kwa hiyo kalamu haikuinuka. Ilikata elfu hamsini, ikakata na laki yenyewe, ikateremka kwa Mjomba wa Morogoro, ikapita kwa mama wadogo wote watatu, majirani, wanakwaya, mweka hazina na namba yake ya kupokelea pesa, ikamfikia Mwenyekiti wa Kamati, Baba Mkubwa, kwa cheo chake chote, na haikusimama mpaka ilipokata "Mungu awabariki". Waliopona ni wale wawili walio juu ya Shangazi: kaka yangu na mimi.

"Baba, ni mkwaju tu. Nilisahau mkwaju."

"Mkwaju ningekupa mimi," akasema, "kama si umri wako." Akakata simu.

Kinachoniuma ni kwamba kivinjari kiliona kosa. Lugha nyingi za kompyuta ukikosea alama moja zinagoma, zinakutajia na namba ya mstari. Kivinjari hakigombi. Ni kama mkwe mgeni aliyewekewa chumvi kwenye chai badala ya sukari: anakunywa yote, anashukuru. Nimetumia jioni tatu kusoma kwa nini, na nakiri sijutii. Tim Berners-Lee, akiwa CERN pale mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, alipoorodhesha tagi zake mwaka 1991 zilikuwa 18 tu, na hakuna hata moja ya picha. Lengo lilikuwa watafiti wasomeane nyaraka. Halafu dunia ikavamia. Watu wakaandika kurasa ovyo ovyo, nusu hazikufungwa, na kivinjari ambacho kingezikataa kingelaumiwa chenyewe, si mwandishi. Basi vivinjari vikajifunza kubahatisha, kila kimoja kivyake. Mwishowe, katika HTML5, wataalamu wakakaa chini wakaandika, hatua kwa hatua, namna moja ya kubahatisha, ili vivinjari vyote vikosee sawasawa. Kuna utaratibu wa tagi zilizopishana vibaya ambao jina lake ni la wakala wa kuasili watoto, kwa sababu vipengele vya ukurasa hutafutiwa mzazi mpya. Sitanii.

Na upo ulionihusu mimi. Tagi kama <s> ikiachwa wazi, kivinjari huiandika pembeni. Kipengele cha orodha kikiisha na kingine kikianza, huifungua upya kwa niaba yako. Yaani kila jina jipya lilipoingia, kilikumbuka: huyu bwana alikuwa anakata. Kikamkata na huyo. Kwa uaminifu mtupu, mara 43.

Kanuni hizo hizo zinaeleza maana ya <s>: ni ya maneno ambayo si sahihi tena, au hayana umuhimu tena. Nikafunga laptop. Baba Mkubwa asije akaisoma.

Mikasa mingine ni midogo. Sare ya harusi ni zambarau, nami nikaandika bgcolor="zambarau". Kivinjari hakikusema hakijui Kiswahili. Kiligeuza kila herufi iliyo nje ya a hadi f kuwa sifuri, kikaongeza sifuri nyingine mwishoni, kikagawa mara tatu, kikapunguza, kikapata 0abaa0, ambayo ni kijani cha bahari. Kamati ya sare ilikutana kwa dharura. Picha ya maharusi nayo ilionekana kwenye laptop yangu tu.

Lakini hapo kwenye zambarau sicheki sana. Vivinjari vyote vinaitambua rangi inayoitwa papayawhip. Papai wanalijua! Zambarau, tunda linalopaka watoto wetu midomo, linageuzwa sifuri. Haya, rangi tuache. Kiolezo nilichopewa na walionifundisha kilianza na lang="en", na kwa siku zote 11 hakuna aliyeniambia kuwa Kiswahili ni herufi mbili tu, sw. Binamu yangu haoni, simu humsomea. Ilimsomea majina ya ukoo wake mwenyewe kama mtalii aliyeshuka uwanja wa ndege jana, na yeye akadhani simu imeharibika. Watu wanafundisha maelfu ya vijana wetu kutengeneza kurasa za Kiswahili na hawawapi herufi mbili.

Mkwaju nimeuweka. Baba Mkubwa amerudi kwenye uenyekiti, ingawa ananijibu kwa "sawa" peke yake. Tatizo ni wengine. Tangu majina yarudi, watu tisa wamenipigia kwa masikitiko, Shangazi akiwa wa kwanza. Walikuwa wameshalala na furaha ya mtu aliyesamehewa deni.

Hakuna aliyesamehewa. Ahadi zote ziko palepale, harusi ni tarehe 20, na namba ya mweka hazina iko chini ya ukurasa, haijakatwa.